Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, Msuluhishi wa Warundi

Wakazi wa Bukiriro na kata nyingine za Ngara hawahitaji ramani ili kujua Burundi iko upande gani. Kihangaza na Kirundi husikilizana. Watu wa pande hizi mbili wameoana, wameuziana ng'ombe na ndizi, na wamezikana tangu zamani kabla mpaka haujachorwa. Kwa hiyo tarehe 21 Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na askari wa nchi yake mwenyewe miezi michache baada ya kuchaguliwa, habari zile zilifika hapa zikiwa na miguu: mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye mkeka kichwani. Miezi sita baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, na Benako likawa jina lililotajwa duniani kote. Waliokuwa watoto wakati ule leo ni wazazi, na bado wanaweza kuonyesha mahali ambapo miti ilikatwa.

Katika miaka ileile mzee mmoja mstaafu wa Butiama aliombwa aende kuwaketisha Warundi pamoja. Mzee huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, ambaye tangu mwaka 2005, mchakato wa kumtangaza mwenyeheri ulipofunguliwa katika Jimbo la Musoma, Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Habari zake kama mpigania uhuru na Rais wa kwanza zimesimuliwa mara nyingi. Kazi yake ya mwisho, ile iliyomshughulisha hadi ugonjwa ulipomlaza, haisimuliwi sana, ingawa kwa sisi wa mpakani ndiyo iliyotugusa kwa karibu zaidi.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Burito Nyerere, alikuwa mtemi wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Kijana Kambarage alichunga mbuzi, akachelewa kuanza shule, na akiwa na umri wa miaka kumi na miwili akapelekwa Mwisenge, Musoma. Kabla ya kitabu alikuwa ameshaona jambo ambalo baadaye aliliandikia sana: wazee wakiketi na shauri moja, wakilizungumza mpaka wakubaliane, bila kuhesabu kura ili upande mmoja uondoke umeshindwa. Pengine kumbukumbu ile aliitia urembo kidogo, maana mabaraza ya zamani hayakumpa kila mtu nafasi, hasa wanawake na vijana. Hata hivyo, wazo hilo lilibaki naye maisha yake yote.

Alisoma Tabora, akaenda Makerere, na tarehe 23 Desemba 1943 akabatizwa kwa jina la Julius. Alipohitimu akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, iliyokuwa ya Mapadre Weupe. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh, akarudi mwaka 1952 na shahada ya uzamili. Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Magige, akafundisha Pugu, na tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa. Yaliyofuata yanafahamika.

Katika miaka yake ya siasa, yako mawili ambayo yanahusu habari hii moja kwa moja, na moja linavuta upande huu, jingine upande ule. La kwanza ni la Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Bunge lilijadili nani awe raia wa Tanganyika, na baadhi ya wajumbe wa chama chake mwenyewe walitaka uraia ufuate rangi ya ngozi. Mwalimu alikataa katakata, akaiweka serikali yake rehani: sheria hiyo ikigeuzwa kuwa ya ubaguzi, yeye na mawaziri wake wangejiuzulu. Alisema hivyo akijua kwamba umati ungempenda zaidi kama angesema kinyume. La pili ni la mwaka 1962, ilipopitishwa Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini. Kwa sheria hiyo Rais aliweza kumfunga mtu bila kumfikisha mahakamani, na serikali ya Mwalimu iliitumia. Katika miaka ya 1970 watu wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu, na nyumba za baadhi yao zilichomwa au kubomolewa. Jimbo letu lina kumbukumbu yake ya pekee ya ujamaa, kwa sababu Askofu Christopher Mwoleka aliupokea kwa moyo wa Injili hata akaenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga. Lakini ujamaa wa Mwoleka ulikuwa wa hiari, na operesheni haikuwa hivyo. Anayetaka kumwombea Mwalimu afikie heshima ya altare hana haja ya kuyaficha haya. Mchakato wenyewe unataka yasemwe.

Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Angeweza kupumzika. Butiama alikuwa na shamba, na alikuwa akizigeuza Injili kuwa tenzi za Kiswahili, kazi iliyochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Lakini mikutano ya marais wa Maziwa Makuu iliyofanyika Cairo mwishoni mwa 1995 na Tunis mwanzoni mwa 1996 ilimwangukia yeye. Burundi ilikuwa ikielekea kule ambako Rwanda ilikuwa imetoka, na kila mtu alijua.

Alianza Mwanza, mwezi Aprili 1996, kwa kuvikutanisha vyama viwili vikubwa: FRODEBU, chenye Wahutu wengi, na UPRONA, chenye Watutsi wengi. Kikao cha kwanza hakikuzaa kitu. Cha pili, mwezi Juni, hakikuzaa kingi. Tarehe 25 Julai jeshi likamrudisha madarakani Pierre Buyoya. Siku sita baadaye marais wa ukanda huu walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na Mwalimu aliviunga mkono. Septemba 9 mwaka huohuo Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega, mchungaji aliyekuwa amekemea mauaji ya pande zote mbili, aliuawa njiani. Lawama ikaelekezwa kwa waasi.

Fikiria hali ya msuluhishi wakati ule. Serikali ya Bujumbura ilimwona mtu wa upande mmoja, kwa sababu nchi yake ilikuwa imefunga biashara na kwa sababu wakimbizi wengi waliokuwa Tanzania walikuwa Wahutu. Agosti 1997 serikali hiyo ilikataa kuja kwenye mazungumzo ya Arusha. Waasi nao walidhani anawachelewesha. Na yeye, Mkatoliki aliyezoea kwenda Misa ya asubuhi kila siku, alikuwa na askofu mkuu wa nchi jirani kaburini na watu wa pande zote zilizotuhumiwa kumwaga damu wakisubiri mwaliko wake.

Mazungumzo ya vyama vyote yalifunguliwa Arusha mwezi Juni 1998, yakiwa na jumbe 17. Wapo waliocheka. Baadhi ya vyama vile, walisema, vingetosha ndani ya gari moja dogo. Kwa nini kupoteza fedha kuwalipia hoteli watu wasio na jeshi wala wapiga kura? Swali lilikuwa la haki, lakini uzoefu wa Mwanza ulikuwa umemfundisha kitu. Wakubwa wawili wakiachwa peke yao, kila mmoja hujifanya ndiye kabila zima. Wakiingia wengine, inaonekana kwamba Watutsi hawana sauti moja, wala Wahutu hawana sauti moja, na mtu aliyekuwa amekuja kama bendera ya kabila huanza kuonekana kama mtu mwenye hoja yake, jina lake, na hofu zake. Heshima ya binadamu katika usuluhishi huanzia hapo, na ni jambo la kazi kabisa, la kupanga viti na zamu za kusema.

Kati ya vyama vilivyopewa kiti kimo PARENA, chama cha Jean-Baptiste Bagaza, aliyekuwa Rais wa Burundi kuanzia 1976 hadi 1987. Wakatoliki wa Burundi wanamkumbuka kwa kuwafukuza mamia ya wamisionari, kuyashika mashirika ya Kanisa na kuzuia ibada za siku za kazi. Mwalimu alikuwa Rais wa nchi jirani wakati hayo yakitendeka, na baadhi ya waliofukuzwa walipitia kwetu. Yeye aliyeianza kila siku yake altareni alikipa chama cha mtu huyo kiti sawa na vingine. Kumpa mtu kiti hakukuwa na maana ya kumsafisha. Katika mji uleule wa Arusha ilikuwako Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na kazi yake ilikuwa kuhukumu. Meza ya Mwalimu ilikuwa na kazi nyingine, na aliyeketi pale hakuwa kizimbani. Tofauti hiyo hata sisi huku vijijini tunaisahau. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata katika shauri la ardhi halihukumu tena, linapatanisha. Lakini mara ngapi mlalamikiwa huingia na kukuta wajumbe wamekwisha kumtazama kwa jicho la hukumu?

Jambo la pili alilofanya liliwachosha wengi zaidi. Hakuanza na mgawo wa madaraka. Aliunda kamati, na ya kwanza ikapewa kazi ya kuzungumzia asili ya ugomvi wenyewe: nani aliua nani mwaka 1972, nani mwaka 1993, ubaguzi ulianzaje, neno mauaji ya kimbari litumike kwa lipi. Wanadiplomasia waliona kwamba hiyo ni njia ya kuwasha moto upya. Warundi walizungumza miezi mingi. Kwa mara ya kwanza, mtu wa upande mmoja alilazimika kukaa kimya huku mwenzake akihesabu wafu wake, halafu zamu ikageuka. Matokeo yake yapo katika Itifaki ya kwanza ya Mkataba, ambayo vyama vilikubaliana kwamba ugomvi wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa wenye sura kubwa za kikabila, na kwamba chimbuko lake ni tabaka la wanasiasa kupigania madaraka. Ukiisoma bila haraka, unaona uzito wake: waliotia saini walikuwa wanasiasa haohao. Msuluhishi angeweza kuwaandikia sentensi hiyo siku ya kwanza, nao wangeikataa. Waliikubali kwa sababu waliifikia wenyewe.

Hata wenyeviti wa kamati aliwachagua kwa jicho la namna hiyo. Kamati ya kwanza aliipa Armando Guebuza wa Msumbiji, na ile ya amani na usalama Padre Matteo Zuppi wa Jumuiya ya Sant'Egidio. Hao wawili walikuwa wamekutana Roma katika mazungumzo yaliyomaliza vita vya Msumbiji mwaka 1992: Guebuza akiwa mjumbe wa serikali iliyokuwa ikipigana, Zuppi akiwa mmoja wa wapatanishi. Walijua jinsi mtu anavyojisikia anapoketi mbele ya adui yake, na jinsi anavyojisikia yule aliyekaa katikati. Guebuza alikuja kuwa Rais wa nchi yake. Zuppi leo ni Kardinali, Askofu Mkuu wa Bologna. Wengine walikuwa Nicholas Haysom, mwanasheria kutoka Afrika Kusini, na Georg Lennkh wa Austria, aliyepewa kamati ya ujenzi mpya na maendeleo, ambayo ndani yake lilikuwamo suala la wakimbizi na mashamba yao. Kwa familia zilizokuwa Lukole, hapa hapa Ngara, suala hilo lilikuwa na uzito kuliko nani atakuwa makamu wa rais.

Vikwazo ni habari ngumu zaidi. Mwalimu aliamini kwamba bila kubanwa serikali ya mapinduzi isingekuja mezani, na huenda alikuwa sahihi. Lakini aliyebanwa kwanza hakuwa jenerali. Chumvi, mafuta, mbolea na dawa vilipanda bei, wajanja wa magendo wakatajirika, na mkulima wa Kirundo au Muyinga akalipa. Nafuu za kibinadamu zilitolewa kidogo kidogo, na vikwazo vilisitishwa tarehe 23 Januari 1999, miezi saba baada ya mazungumzo ya Arusha kuanza kwa ukamilifu. Mafundisho ya Kanisa kuhusu jamii hayakatazi vikwazo moja kwa moja, lakini yanataka visiwaangukie wanyonge. Miaka miwili na nusu ni muda mrefu kwa mnyonge. Kwa maoni yangu, Mwalimu aliviacha vidumu kuliko ilivyostahili, na kwa sehemu alifanya hivyo kwa sababu Buyoya hakumwamini na yeye hakumwamini Buyoya.

Lipo kosa lililo kubwa zaidi. Muda mfupi kabla ya kikao cha Juni 1998, kundi la waasi la CNDD liligawanyika. Léonard Nyangoma alibaki na jina na ofisi. Jean-Bosco Ndayikengurukiye akaondoka na wapiganaji wengi. Vivyo hivyo katika PALIPEHUTU: kiongozi aliyejulikana alikuwa nje ya nchi, na wenye bunduki, FNL, walikuwa milimani kuzunguka Bujumbura wakifuata mtu mwingine. Mwalimu aliwapa viti Nyangoma na viongozi wa zamani, akawafungia mlango waliojitenga. Sababu yake inaeleweka. Aliogopa kwamba kila mwenye bunduki akijua kuwa kujitenga kunampa kiti na posho, makundi yangezaliana. Alikuwa pia mtu wa chama, aliyelelewa katika nidhamu ya chama, na mgawanyiko ulimkera rohoni.

Lakini mlango ule uliofungwa ulikuwa kinyume cha yote aliyoyajenga kwenye meza ile. Chama cha watu wachache kilisikilizwa, na kijana aliyekuwa msituni, ambaye ndiye pekee aliyeweza kuamua kama risasi zitanyamaza, akaambiwa kwamba mzee fulani tayari anasema kwa niaba yake. Wapiganaji wale walikuwa wametenda maovu makubwa, kama walivyotenda askari wa serikali. Kama uovu ungekuwa kipimo cha kuingia ukumbini, wangebaki wachache sana ndani. Walikuwa wakiwaua watu ambao Mwalimu alitaka kuwaokoa, na kuachwa kwao nje hakukuwazuia.

Mwezi Agosti 1998 madaktari walimgundua Mwalimu ana saratani ya damu. Aliendelea. Safari za Butiama, Dar es Salaam na Arusha hazikupungua, na vikao vya miezi iliyofuata viliendeshwa na mtu ambaye wajumbe wengi hawakujua jinsi alivyokuwa amechoka. Walijua kwamba ni mkali. Aliwafokea viongozi wazima kama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani, na baadhi yao walilalamika, kwa haki, kwamba mwalimu hasahau ubao.  Wasaidizi wake, Jaji Mark Bomani na Jaji Joseph Warioba miongoni mwao, walibeba kazi alipozidiwa. Septemba 1999 alikuwa London kwa matibabu. Alifariki katika hospitali ya Mtakatifu Thomas tarehe 14 Oktoba, na akazikwa Butiama tarehe 23.

Nelson Mandela akapewa kiti chake Desemba ile. Naye alikuwa mkali, lakini alifungua mlango uliokuwa umefungwa, akawatafuta makamanda wa msituni na kuzungumza nao. Tarehe 28 Agosti 2000 Mkataba wa Arusha ulitiwa saini mbele ya Rais Bill Clinton wa Marekani na marais wa ukanda huu. Itifaki zake tano zilikuwa, kwa sehemu kubwa, zao la kamati zile za Mwalimu. Usitishaji wa mapigano haukuwamo. Wenye kupigana hawakuwamo. Vita viliendelea, na katika hesabu inayotajwa kwa kawaida, tangu 1993 hadi vilipoisha vilikuwa vimeua watu wapatao 300,000. Lukole iliendelea kupokea watu.

Kundi lililoachwa nje mwaka 1998 lilitia saini mapatano mwezi Novemba 2003. Mmoja wa viongozi wake, Pierre Nkurunziza, alichaguliwa na Bunge kuwa Rais wa Burundi mwezi Agosti 2005, kwa katiba iliyochota mgawanyo wake wa nafasi za Wahutu na Watutsi kutoka katika Mkataba wa Arusha. FNL walitia saini Dar es Salaam Septemba 2006. Katika miaka hiyo familia za Lukole zilianza kufunga mizigo na kupanda magari kuelekea Kobero, baadhi wakiwa na watoto waliozaliwa Ngara ambao walikuwa hawajawahi kuiona Burundi.